Vipimo vya Mwalimu

Mwalimu alifariki mwezi wa tatu, lakini vipimo vyake vya maji ya ziwa viliendelea kufika ofisini kila Alhamisi, bila kukosa hata wiki moja, mpaka mwezi wa nane.

Aliyevituma alikuwa mumewe, fundi cherehani. Ikifika saa nne asubuhi aliacha kushona, akapangusa chaki vidoleni, akaichukua simu ya marehemu na kufungua programu yenye picha ya tone la maji. Ziwani hakwenda. Alifungua daftari la mkewe la mwaka uliopita, akaitafuta Alhamisi inayolingana na ya siku hiyo, akanakili: macho yanapenya maji hadi mita mbili na robo, joto, nyuzi ishirini na nne, harufu, hakuna, rangi, ya kawaida. Akabonyeza. Kisha akakaa kungoja, miwani imemshuka puani, hadi simu ilipotetemeka mkononi na kuandika: "Asante, Mwalimu. Kipimo chako kimepokelewa. Tunakutegemea tena wiki ijayo."

Ni maneno hayo tu aliyokuwa akiyafuata. Waliokuja matangani walikwisha kutawanyika. Binti yao, nesi aliyeolewa mbali, alipiga simu kila Jumapili kumwuliza kama amekula, naye alijibu kwamba amekula na kushiba, hata siku alizoshinda na chai kavu. Wateja waliingia, wakainua mikono wapimwe kifua, wakaishusha, wakaenda zao. Hapakuwa na mtu mwingine chini ya jua aliyekuwa bado anamtegemea Mwalimu wiki ijayo.

Kazi ile ya kupima Mwalimu alikuwa ameipokea alipostaafu. Ofisi ya maji ilikuwa imeweka boya katikati ya ziwa, na ndani yake kifaa kinachopima maji na kutuma habari chenyewe. Lakini ufuoni walitaka watu, kwa sababu, walivyosema wenyewe, kifaa hakina pua wala hakijui jana palikuwaje. Walijitokeza wakazi kumi na mmoja. Mwalimu alipewa gati la mbao lililo karibu na bomba linalovuta maji ya mtaa mzima. Kila Alhamisi mchana, kutokana na vipimo hivyo, wakazi walipata ujumbe kwenye simu zao kwamba maji ni salama au si salama.

Alirudi kutoka huko sketi imelowa hadi magotini, uso umechangamka. "Twende siku moja," alimwambia mumewe. "Unapima viuno vya watu kutwa nzima. Ziwa moja tu linakushinda?"

"Ziwa lako halina kiuno," fundi alijibu bila kuinua macho. "Nitaanzia wapi?"

Mkewe alicheka, akaenda peke yake. Miaka minne alikwenda peke yake, na kila mara kulikuwa na suruali ya mtu inayotakiwa jioni. Presha ilipomwangusha jikoni na kutomwacha anyanyuke tena, fundi alifunga dirisha la nyuma linalotazama ziwa na hakulifungua tena. Wiki ya kwanza aliinakili Alhamisi ya mkewe kwa sababu miguu ilikataa kwenda gatini. Wiki ya pili aliinakili kwa sababu alikuwa amekwisha kuinakili ile ya kwanza.

Mwezi wa nane ulipoanza, mwanamke kijana mwenye buti za mpira alipiga hodi dukani, akamwamkia, akauliza kama hapo ndipo kwa Mwalimu.

"Ndipo," fundi alisema. "Karibu."

"Mimi ni mtaalamu wa ofisi ya maji. Nimehamishiwa huku juzi juzi. Naweza kumwona?"

Fundi alivuta kiti kilichojaa vipande vya vitambaa, akavishusha sakafuni kimoja kimoja. "Kaa kwanza."

Mgeni alikaa, akatoa simu yake na kumwonyesha picha iliyopigwa kutoka angani. Ziwa lilionekana dogo kama sahani, na ukingo wake mmoja ulikuwa wa kijani kibichi.

"Huu ni ufuo wenu, baba. Kile kifaa cha kwenye boya kimeziba wiki ya sita sasa, hakitumi kitu. Tukabaki na picha hizi na vipimo vya watu. Picha inasema mwani umetanda hapa. Mwalimu anasema maji ni safi. Mimi nikasema, aliye karibu aaminiwe kuliko aliye angani, tukaliacha bomba wazi." Aliishusha simu. "Jana ndipo nikalinganisha vipimo vyake na vya mwaka jana. Havitofautiani hata kwa tarakimu moja."

Nje mtu alipita akivuta mkokoteni. Fundi alisubiri kelele zile ziishe.

"Mwalimu tulimzika mwezi wa tatu," alisema. "Ni mimi."

Yule mtaalamu hakupandisha sauti. Pengine angepandisha, fundi angepata pa kujishikiza. Alisema tu kwamba bomba litafungwa siku hiyohiyo na maji yataletwa kwa gari, na kwamba sumu ya mwani wa aina ile haiondoki hata maji yakichemshwa. Kisha akauliza kama kuna mtu mtaani aliyeumwa.

Fundi alijua yupo. Binti wa dobi, jirani wa ukuta mmoja, mtoto wa miaka mitano, alikuwa amelazwa siku sita akitapika, akarudi amekonda na macho yamemtoka. Fundi mwenyewe alikuwa amekwenda kumpa pole yule dobi, mama wa mtoto, akakaa mkekani pale, akatikisa kichwa pamoja na wengine, akisema magonjwa ya siku hizi hayaeleweki.

"Namba ya Mwalimu inabidi niifunge," mtaalamu alisema alipoinuka. "Ukipenda nitakusajili wewe. Lakini nikiifunga, ule ujumbe wake hautakuja tena. Unalijua hilo, baba?"

"Nalijua. Nisajili."

Mtaalamu alibonyeza mara mbili. Ilikuwa ni hivyo tu, jambo la kidole. Fundi alimsindikiza hadi barazani, akarudi, akaupasua mshono aliokuwa ameushona asubuhi ile, maana aliuona umekwenda upande.

Kwa dobi alifika saa tisa alasiri. Alimkuta anapiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni, mtoto amelala kwenye rundo la nguo safi. Dobi alikuwa amesoma darasani kwa Mwalimu, na siku ya mazishi ndiye aliyefua na kunyoosha nguo zote za msiba bila kuombwa. Fundi alisimama mlangoni, akalisema lote bila kulizungusha. Pasi ilisimama. Halafu ikaenda tena, polepole, hadi mwisho wa shuka.

"Kila Alhamisi nilipata ujumbe," dobi alisema. "Maji ya mtaa wenu ni salama kwa matumizi. Nikamchotea mwanangu, nikamwambia kunywa, utapona. Kumbe ni wewe."

"Ni mimi."

"Ulijua kwamba yameharibika?"

"Sikujua. Sikwenda kuangalia."

"Bora ungekuwa unajua," alisema. "Anayejua huenda siku moja roho ikamsuta." Alikunja shuka mara mbili, akalainisha ukingo kwa kiganja. "Mwalimu angekupigisha magoti mbele ya darasa."

"Angenipigisha."

"Nenda, Fundi. Mtoto amelala."

Habari ilienea mtaani kabla ya jua kuzama, na haikumhitaji mpiga mbiu. Baadhi ya wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao, kwa adabu, wakisingizia sherehe zilizoahirishwa. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, fundi alifungua dirisha la nyuma. Maji karibu na ufuo yalikuwa mazito na ya kijani kama rangi iliyomwagwa, na harufu iliyoingia ndiyo ile ambayo kwa majuma mengi alikuwa akiilaumu mitaro.

Alhamisi iliyofuata alikwenda gatini. Alikuta mbao mbili zimelegea na hakujua kama zililegea zamani au juzi, hakuwahi kuuliza. Alishusha sahani nyeusi na nyeupe ya mkewe, ile ya kupimia weupe wa maji, kwa kamba yenye alama hadi ilipopotea machoni, akaandika alichokiona: sentimita thelathini. Simu ilimkatalia. Kwa sababu yake, utaratibu ulikuwa umebadilika: kila kipimo sasa kilitaka watu wawili, kila mmoja aweke alama ya kidole chake. Aliwauliza majirani watatu. Mmoja alisema mgongo unamsumbua, wa pili alisema ataangalia, wa tatu alifunga mlango.

Alipima peke yake Alhamisi tatu, na mara tatu simu ilikataa. Hata hivyo aliandika namba zile katika daftari jipya, kwa mwandiko wake mbaya wa kuandikia vipimo vya suruali.

Alhamisi ya nne mwani ulikuwa umeanza kupungua. Alikuwa amepiga magoti mwisho wa gati akifungua fundo la kamba aliposikia mbao zikilia nyuma yake. Alikuwa dobi, mikono bado ina povu, kanga amejifunga kiunoni. Hakusalimia. Alisimama upande wa pili na kuinama juu ya maji.

"Mtoto yukoje?" fundi aliuliza.

"Anakula." Alijipangusa mikono. "Shusha hicho kitu. Nina nguo kwenye beseni."

Alishusha. Kamba ilipita vidoleni, alama baada ya alama, na ile sahani ikafifia, ikawa kivuli, kisha ikawa si kitu.

"Imepotea," alisema. "Sentimita themanini."

"Bado naiona."

Fundi alikodoa macho. Mbele yake palikuwa na ukijani mtupu. Lakini macho yake yalikuwa ya miaka sitini na minane, tena yamezoea tundu la sindano, na ya dobi yalikuwa ya kutafuta doa kwenye shuka nyeupe. Hakubishana. Aliiachia kamba kidogo.

"Bado," dobi alisema.

Akaiachia tena, hajui inakokwenda, akisubiri huyo mwanamke amwambie.