Mafuta ya Taa Kwenye Ekseli ya Nashoni

Nilipostaafu kupima vyuma, kazi yangu pale gereji ya Ilomba alipewa Faustina, binti wa Iringa mwenye cheti na makopo matatu: la kusafishia, la rangi nyekundu na la unga mweupe. Rangi inaingia kwenye ufa, unga unaivuta nje, ufa unaonekana. Enzi zangu tulitumia mafuta ya taa na chokaa. Siku hizi mafuta hayo yamefutwa kwenye orodha ya vitu vinavyoruhusiwa.

Mimi sikufutika. Kila asubuhi nilikuwa pale nawapiga fiksi za uongo wa kuchekesha, hata ile ya kupima gurudumu la treni likiwa mwendoni, mimi nalikimbiza na tambara.

Jumanne ile ilifunguliwa ekseli ya lori la Nashoni, anayebeba mbao kutoka Mafinga. Faustina akaenda kunywa chai. Nikaona nimchokoze. Nikaipaka ekseli mafuta ya taa, nikangoja, nikafuta, nikapaka chokaa. Ilipokauka, mstari mweusi wa unyevu ukachomoza. Ufa! Badala ya kuita mtu, nikapangusa kila kitu, nikakaa juu ya tairi nione kama makopo yake nayo yatauona.

Faustina akarudi, akasafisha, akapuliza rangi, akangoja dakika zake, akafuta, akapuliza unga. Ekseli ikabaki nyeupe pee.

"Safi," akasema, akasaini.

"Kuna ufa hapo," nikasema.

"Umeuona kwa miwani ipi, mzee wangu?"

Nashoni, aliyekuwa kando akisubiri lori lake, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mzee Rabson, na huu ulikuwa unaukimbiza?"

"Nipeni mafuta ya taa niwaonyeshe."

"Thubutu!" Faustina akasema. "Yakishajaa kwenye ufa, rangi yangu haipati pa kuingia. Ndiyo maana yalipigwa marufuku."

Hilo sikuwahi kulijua. Ningesema nimeshayapaka, angeiosha upya, angepima tena. Lakini angenifukuza pale gereji, na nyumbani sina wa kuongea naye. Nikacheka pamoja nao.

Ijumaa, lori likiwa limejaa mbao, ekseli ilikatika kwenye mteremko wa Inyala. Nashoni walimtoa chini ya mbao ameshakufa. Faustina akasimamishwa kazi.

Msibani Mafinga nilimkuta amekaa peke yake nyuma ya turubai, watu wamemwachia viti vitupu kila upande. Nikamweleza yote, bila chumvi hata punje.

"Kwa hiyo uliuona."

"Niliuona."

"Ukaufuta."

"Nikaufuta, mwanangu."

Hakupiga kelele. Alinishika kiwiko, kama anavyoshikwa mzee asiyeona vizuri, akanipeleka ndani kwa Esta, mjane wa Nashoni, aliyekuwa mkekani amejifunika khanga.

"Dada Esta, huyu mzee ana neno na wewe."

Wanawake wakanisogezea nafasi, wakidhani nimekuja kutoa pole.