Nyumba ya Mama Ndani ya Tangi

Mama aliapa kwamba hahami nyumba yake ya pwani mpaka aone kwa macho yake bahari ikiibeba. Kuisubiri bahari yenyewe kungekuwa upuuzi, kwa hiyo nikamleta kazini.

Kazi yangu ni kutengeneza mawimbi. Watu wakisikia hivyo hucheka, nami nimeshazoea. Tuna tangi refu la zege lenye kioo ubavuni. Mwanzoni mwake kuna bamba la chuma linalosukumwa na mota. Naichagulia kompyuta dhoruba, bamba linakwenda mbele na nyuma, na maji yanatii. Mwishoni kuna mteremko wa kokoto wa kuyaua mawimbi yasirudi. Safari hii katikati tulijenga mtaa wa Mama wote, ukuta wa bahari, barabara na nyumba, kila kitu kikiwa kimepunguzwa mara hamsini. Tulitakiwa kusema kama ukuta ule unatosha. Hautoshi.

Vinyumba alivichonga mume wangu. Kazini wanamwita Gundi, kwa kuwa ndiye fundi wa modeli na sijawahi kuviona vidole vyake vikiwa safi. Kila kimoja alikitia vyuma tumboni ili uzito ulingane. Cha Mama alikipaka hata mlango wa buluu.

Nyumbani kwetu chumba cha Mama kilikuwepo, ila kilikuwa ndicho anachowekea Gundi mbao zake na redio mbovu anazosema atazitengeneza. Nilipomwambia nani atakaa humo, aliitikia kama mtu anayekubali kung'olewa jino. Tangu hapo hatukulizungumza tena. Isitoshe, asubuhi hiyo nilikuwa nimejikwaa kwenye lundo fulani lililofunikwa turubai mlangoni mwa karakana ya kazini, nikamfokea mlinzi, kwa hiyo siku yenyewe niliianza vibaya.

Mama aliketi mbele ya kioo, mkoba magotini. "Haya, ileteni hiyo bahari."

Nikawasha dhoruba kubwa, ile ambayo mtu huiona mara moja maishani akiwa na bahati mbaya. Viwimbi vikaanza kukimbizana.

"Maji haya si ndiyo nafulia nguo?" Mama akasema.

"Vimepunguzwa, Mama. Usiangalie wimbi, angalia nyumba."

Maji yakapanda ukuta, yakarudi, yakapanda tena, yakavuka. Nyumba ya jirani ambaye hawasalimiani naye ndiyo iliyotangulia. Mama alitikisa kichwa bila huzuni kubwa. Zikafuata nyingine, zikabingirishwa hadi kwenye kokoto, mpaka mtaa mzima ukafagiliwa. Ikabaki moja, yenye mlango wa buluu. Haikusogea hata kidogo.

Tuna sheria yetu pale. Baada ya jaribio hakuna anayefungua mdomo mpaka maji yatulie kabisa, kwa sababu maji yanayoonekana yametulia mara nyingi bado yana lao, na anayewahi kusema hukosea. Gundi huangusha kipande cha karatasi juu ya maji. Kikisimama, tunaongea. Basi tukakaa kimya watatu, tukitazama karatasi ikizurura. Nilipiga hesabu zote ninazozijua na hakuna hata moja iliyoitetea nyumba ile. Gundi alikuwa anaangalia viatu vyake.

Karatasi iliposimama, Mama naye akasimama. "Nimeona. Nirudisheni kwangu."

"Ngoja kwanza."

Nilitumbukiza mkono nikaivuta ile nyumba. Haikutoka. Nikaibandua paa. Katikati ya sebule kulikuwa na skrubu, imezama hadi kwenye sakafu ya modeli.

"Gundi."

"Ningefanyaje?" akasema kwa sauti ya chini. "Mama yuko hapa mbele yangu. Aitazame nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe ikibingirika, na mimi ndiye niliyeichonga? Nilishindwa."

Maneno mazuri. Lakini namjua mume wangu, na chumba kile nakijua. Hasira zikanipanda, nikamuuliza mbele ya Mama bila haya: "Ni huruma au ni chumba?"

Mama alikuwa akimtazama Gundi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nilimwona ana hofu. Nikajisikia vibaya sana. Kumbe bahari haikuwa tatizo lake. Alichoogopa ni kuwa mzigo kwenye nyumba ya mtu.

Gundi alitoa bisibisi mfukoni, akapiga magoti ukingoni, mikono ikazama mpaka mabegani. Akaifungua skrubu taratibu, akarudisha paa, akazipanga nyumba zote mahali pake.

"Rudia," akaniambia.

Nikarudia. Maji yalipovuka ukuta, nyumba ya mlango wa buluu ilitikisika, ikageuka ubavu, ikaenda na wenzake. Iliishia kwenye kokoto, juu chini. Mama alishika mkoba kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Gundi akaangusha karatasi. Ilikuwa bado inazunguka Mama alipovunja sheria yetu.

"Baba," alimwambia Gundi, "mbao zako ziache humo humo chumbani. Mimi natosha upande mmoja."

"Zimeshatoka, Mama. Nilizileta huku jana na redio zangu. Ziko pale mlangoni, chini ya turubai."

Karatasi ikasimama. Wote wawili wakanitazama, wakisubiri niseme.