Wimbi la Dutwa

Method, mtendaji wa kijiji kule Dutwa, alikuwa hodari wa kuandika ripoti kuliko kushika jembe. Mwaka ule soko la pamba lilikuwa limefunguliwa, wanunuzi binafsi wanagombania wakulima kwa maneno matamu, naye akaona kumbe maneno ndiyo yanayolipa. Wilaya ilipotaka taarifa ya wahamiaji haramu, akaketi akaipamba kweli kweli: "Wimbi kubwa limetuvamia. Wamefurika, wanatumeza."

Wimbi lenyewe, jamani, lilikuwa mtu mmoja. Thomasi, Mrundi aliyevuka mpaka kwa miguu miaka kumi na miwili nyuma, fundi wa mabomba ya kupulizia dawa pamba, mume wa Benedikta, dada yake Method. Mpaka siku ya ripoti, Method hakuwahi kumwita jina lingine ila shemeji.

Alitegemea kusifiwa tu. Likaja lori.

"Hilo wimbi liko wapi?" akauliza ofisa, askari sita nyuma yake.

Method akawaza haraka. Akisema ametia chumvi, kazi hana. Akamnyooshea kidole Thomasi, aliyekuwa amechuchumaa na bomba la mtu mkononi. Aliona aibu, lakini kidole hakukishusha. Askari wakampandisha Thomasi.

"Mmoja tu?" Ofisa akakunja uso. "Nimechoma dizeli yote hii kwa mtu mmoja?"

Benedikta hakulia. Akawapandisha watoto wake watatu, akapanda na yeye. "Hawa ni damu yake, mimi ni mke wake. Hesabu."

Ofisa akahesabu, akaanza kuchangamka.

Ndipo akafika Milembe, mama yao Method na Benedikta. Kwa heshima za pale, mama mkwe hamkaribii mkwewe. Miaka yote hiyo, akimwona Thomasi njiani alikuwa anakatiza porini. Leo akapanda lori, akaketi naye bega kwa bega. Watu wakashika midomo.

"Bibi, shuka," ofisa akamwambia. "Wewe ni mwenyeji."

"Nani kakwambia? Mkwe wangu akiwa haramu, na mimi ni haramu. Andika."

Ofisa akamgeukia Method. "Mtendaji, huyu bibi ni nani?"

Kijiji kizima kilikuwa kinamtazama. Method akajibu kwa sauti ndogo, "Mama yangu mzazi."

Ofisa akaandika, kisha akamsogezea ngazi ya lori. "Basi na wewe panda."