Ofisi ya Gatini Mpulungu

"Ndugu wanafunzi, waheshimiwa wapishi, na kunguni wote wa Bweni la Pili. Serikali imeniteua mimi, Hilali bin Khatibu, kuongoza msafara wa likizo kwenda kuwasalimia ndugu zetu wa Zambia."

Tangazo hilo nililitoa nikiwa juu ya kitanda changu, shuka begani kama joho la jaji. Nilikuwa ndiyo kwanza nafika kwenye habari za chakula cha melini pale chaga zilipokatika, na kiongozi wa msafara akaangukia sanduku la Bazilio.

Ulikuwa mwaka wa sabini na tano, na pale shuleni kwetu Kasulu maharage yalikuwa na wadudu wengi kuliko maharage yenyewe, kwa hiyo tulishiba maneno. Kila jioni tulipanga safari: lori hadi Kigoma, meli ya Liemba kwenda kusini hadi Mpulungu, kisha basi kwenda kuyaona maporomoko makubwa ya maji. Bazilio alipewa uwaziri wa sabuni, kwa kuwa hakuwa nayo.

Mmoja tu hakucheka. Pasikali alilala kitanda cha pembeni yangu. Yeye na mama yake walivuka mpaka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, wakikimbia mauaji, wakatokea Nyabibuye, upande wetu. Baba yake alibaki nyuma kufungua ng'ombe, na hakuonekana tena. Wengi walisema aliuawa siku ileile. Mtu mmoja aliwahi kusema kwamba alimwona ziwani, akielekea kusini.

Basi siku moja, tukiosha sahani, Pasikali akaniuliza kama huko Mpulungu mtu anaweza kuulizia mtu.

Hapo ndipo ningesema kweli. Lakini kwa mwongo, swali kama lile ni sawa na kuletewa pilau kitandani. Nikavaa uso wa mkuu wa shule, nikamwambia kwamba pale gatini, mkabala na wanaposhusha ndizi, ipo ofisi, na karani wake anamjua kila aliyeshuka kutoka kaskazini.

"Hata wa sabini na mbili?"

"Hasa wa sabini na mbili."

Akanishukuru. Nikajiambia kwamba kesho wenzake watamtobolea siri. Wenzake nao walikuwa wanafurahia kumtazama, wakanyamaza.

Shule ilipofungwa alinialika kwao Kibondo. Kulikuwa na shughuli, alisema, na mbuzi. Habari za mbuzi zilinitosha. Baba yangu, ambaye ana duka Kasulu mjini, aliniruhusu, akanionya tu nisiwale wenyeji hadi mifupa.

Tukiwa juu ya lori, tumekalia magunia ya mihogo, ndipo Pasikali aliponiambia kuwa shughuli yenyewe ilikuwa kuanua matanga ya baba yake. Baba yake mkubwa, mzee Ndihokubwayo, alikuwa amechoka kungoja. Mama hakutaka, lakini angefanya nini tena? "Ila mama nimeshampelekea salamu," Pasikali akasema, "kuhusu ile ofisi."

Kuanzia hapo sikuona tena njia. Kila lori lilipopunguza mwendo nilifikiria kuruka, na kila lilipoongeza nilijilaumu kwa kutoruka.

Tulipofika, mama yake, Mama Immakulata, alinipokea kwa mikono miwili. Akaniambia nile bila wasiwasi, kwa kuwa walikuwa wamemwita jirani Mwislamu aje kumchinja mbuzi kwa ajili yangu. Nikasema ahsante. Nyama ile niliitafuna kama ninatafuna kandambili.

Kisha mtungi wa pombe ya ndizi ukawekwa katikati ya ua. Kwao mjane ndiye anayeanza. Akishavuta mrija, mumewe amekufa: nguo za msiba zinavuliwa, na hakuna atakayemtafuta tena. Mama Immakulata akaupokea mrija kwa shemeji yake, akautazama, akaulaza mapajani.

"Sinywi," alisema. "Watoto hawa wanakwenda Zambia. Wataulizia kwanza."

Aliyasema kwa Kirundi, na Kirundi na Kiha chetu ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo sikuwa na pa kujificha. Watu wakaanza kunong'ona. Wengine walikuwa wametembea tangu Kakonko kuja kumvua msiba. Shangazi mmoja akaanza kulia kwa furaha, na hilo likanikata maini.

Mzee Ndihokubwayo hakugomba. Alivuta kigoda, akakaa mbele yangu.

"Msomi, hii safari ni ya shule?"

"Ndiyo, baba."

"Mnakwenda na mwalimu gani?"

"Mwalimu Sylvesta," nikasema, haraka kidogo kuliko ilivyofaa.

Pasikali aligeuka. "Si uliniambia ni Mwalimu Maximilla?"

Nilitafuta uongo wa kuziba uongo. Nilikuwa nao, tena mzuri: kwamba wanakwenda wote wawili. Ulikuwa umeshafika kwenye ulimi. Nikamwona Mama Immakulata ananiangalia. Hakuwa na hasira. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu kunitia moyo, kama unavyomfanyia mtoto aliyesahau jibu darasani. Nikijibu vizuri, Pasikali atakwenda Kigoma kungoja meli isiyomngoja. Nikisema kweli, nitakuwa nimemzika baba yake kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya watu wanaonilisha.

Nikapiga magoti.

"Mama, hakuna safari," nikasema. "Niliitunga mimi bwenini, tucheke."

Pasikali alisimama, akatoka uani bila kuniangalia. Mzee Ndihokubwayo alifumba macho. Yule shangazi hakunyamaza, ila kilio chake kilikuwa kingine.

Mama Immakulata peke yake ndiye aliyekuwa bado ananitazama.

"Sawa, mwanangu, safari hakuna," alisema. "Na ile ofisi?"

"Hata ofisi, mama. Nilidanganya. Mpulungu sijawahi kufika."

Aliendelea kunitazama, labda kuona kama kuna kilichobaki. Kisha akauokota mrija mapajani, akaufuta kwa pembe ya kanga yake, akauinamia mtungi.