Maradhi ya Bamvua

Siku za bamvua, maji yakitoka mbali, Mwalimu Widad hushuka kwanza pwani kufunga mwani wake, ndipo aende kufundisha Kiingereza. Leo kachelewa saa nzima, na kuomba radhi si kazi yake. Kwenye daftari la mahudhurio, penye sababu, akaandika "Marirecessitis", Kiingereza alichokitunga njiani kwa mizizi ya Kilatini: maradhi ya maji kupwa.

Mwalimu mkuu, Maalim Marhoun, hajapata kukiri kuwa kuna neno asilolijua. Akalisoma mara mbili.

"Pole, mwalimu. Ndiyo yaliyomwondoa marehemu mama."

Bamvua lililofuata, Maalim Marhoun aliingia saa tatu, suruali imerowa mpaka magotini, mwani umemganda mkandani. Akaandika neno lile lile, herufi kwa herufi.

"Kumbe ni ya kurithi," akasema.