Chachu ya Marehemu

Mkewe alipofariki, fundi bomba alibaki na chupa ya kioo iliyokuwa ikikaa kwenye friji, nyuma ya maziwa. Ndani mlikuwa na chachu, uji mzito wa unga wa ngano na maji, unaoumuka wenyewe bila hamira ya dukani. Marehemu aliilea miaka kumi na tisa. Mkate wote ulioliwa nyumba ile ulitokana nayo.

Fundi hakujua kuoka, ila kutunza kitu alijua. Kila Jumamosi asubuhi aliitoa, akaitilia vijiko vitatu vya unga na maji ya uvuguvugu, akaikoroga, akaifunika kwa kitambaa mpaka iumuke, kisha akairudisha kwenye baridi. Hakukosa hata wiki moja. Jambo moja tu lilimshinda. Mkewe alikuwa akitupa nusu kabla ya kuilisha, lakini fundi kila akishika kijiko alikumbuka ni mkono wa nani ulioikoroga ile. Akawa anaongeza tu.

Chupa ikajaa. Akaihamishia kwenye bakuli, halafu kwenye ndoo ya lita tano, akang'oa rafu ya friji ili ndoo iingie. Mwezi wa kumi na moja tangu msiba, chachu ikatoa maji ya kijivu juu na harufu kali iliyochoma pua. Ikakataa kuumuka. Wiki ya tatu bila povu hata moja, akampigia simu mdogo wa marehemu, mpishi wa shule.

Shemeji alifika na aproni yake begani. Akafungua friji, akasimama.

"Shemeji, hii ni chachu au unataka kupiga plasta?"

"Inaumwa," fundi akasema. "Na kula inakula. Vijiko vitatu kila Jumamosi, kama dada yako."

"Dada alikuwa analisha kichupa. Wewe una ukoo mzima humu, na wote unawagawia vijiko vitatu." Akachovya kidole, akanusa. "Inakufa njaa. Kwani hutupi?"

Fundi akatazama sakafu. "Ni yake."

Utani ukamwisha shemeji. Akavuta kiti, akaketi.

"Hata yeye alikuwa anatupa," akasema taratibu. "Na ilikuwa yake."

"Nibakize kiasi gani?"

"Kijiko kimoja."

"Kimoja?"

"Kimoja, shemeji. Hivi unavyofanya, unaiua yote."

Fundi akachota kijiko kutoka katikati ya ndoo, akakitia kwenye ile chupa, akakilisha unga na maji kwa kipimo alichoambiwa. Shemeji akainua ndoo kuielekeza kwenye sinki. Fundi akamshika mkono.

"Sio humo. Unga ukilala kwenye bomba unakuwa saruji. Miaka yote hii nazibua mabomba ya watu."

"Haya, fundi."

Fundi akachimba shimo mwenyewe nyuma ya nyumba, kando ya ukuta. Chachu ilishuka polepole, nzito, ikijikunja. Iliyoganda pembeni aliikomba kwa kiganja. Kisha akakaa na mikono yake michafu kitambo kirefu, na shemeji hakumwambia anawe.

Agizo la shemeji lilikuwa kuilisha asubuhi na jioni, nje ya friji, na kila mara itupwe ibaki kijiko kimoja. Siku ya kwanza haikutikisika. Ya pili vilevile. Fundi alitupa huku akitazama dirishani, na kila alipotupa alihisi kinachobaki ni kidogo mno. Siku ya tatu akafunga uzi kwenye chupa, usawa wa unga, asije akajidanganya. Jioni ile uzi na unga vilikuwa palepale.

Siku ya nne asubuhi akapiga simu.

"Imepanda," akasema.

"Kiasi gani?"

"Vidole viwili juu ya uzi. Ina matundu."

Nyuma ya shemeji zilisikika sufuria za shule zikigongana.

"Basi toa, ubakize kijiko, uilishe."

"Nimeshatupa," fundi akasema.