Mawimbi ya Kawaida

Zénon alipomgusa Tajudini kichwani, vidole vyake viliteleza.

"Umepaka nini, muzee?"

"Vazilini. Bibi ndiye amenipaka."

Khadidja alimnyoa mumewe alfajiri, akamsugua kichwa mpaka kikang'aa, asije akaonekana mkimbizi mbele ya madaktari. Sasa Zénon, fundi wa mashine katika kliniki hii ndogo ya mtaa wa Nyakabiga, ilimbidi ayafute yote kwa spiriti. Vyuma vya kupimia mawimbi ya ubongo havishiki kwenye mafuta.

"We ulikuwa unakwenda arusi ao kwa mashine?"

Tajudini hakucheka. Alikuwa dereva wa malori, mwaka wa kumi na tisa sasa. Wiki tatu zilizopita msafara wao ulishambuliwa kwenye kona za milimani, Bugarama. Lori la mbele yake lilikuwa la Namegabe, Mkongomani, rafiki yake. Risasi zilimpata Namegabe, akaangukia usukani, honi ikaanza kulia. Ililia mpaka betri ikaisha. Tangu siku ile Tajudini huisikia kwenye birika linalochemka, kwenye kilio cha mtoto wa jirani, katikati ya sala. Aliomba ahamishiwe kuosha magari deponi. Patron Gaspard, mwenye malori, alimjibu: "Leta karatasi ya mashine. Ikisema kichwa kina shida, utaosha. Kama apana, utapanda milima."

Zénon alimaliza kubandika nyaya. "Funga macho. Usitikisike."

Kalamu nane zikaanza kukwaruza karatasi iliyokuwa ikijikunjua taratibu. Ghafla zote zikaruka.

"Muzee, ule mukono wa kushoto. Unashika nini?"

Tajudini alifumbua macho. Vidole vyake vilikuwa vimekamata ukingo wa kitanda.

"Mulango," alisema. "Kule juu tunaendesha mulango wazi. Mukono moja kwa usukani, moja kwa mulango. Ili uruke."

"Na rafiki yako, hakuruka?"

"Alikuwa amefunga. Kulikuwa baridi."

Zénon aliuchukua ule mkono, akauweka juu ya kifua cha Tajudini. Wakaanza upya.

Walipomaliza, alitandaza karatasi mezani. Mistari ilikuwa myembamba, imesongamana, kama nyasi zilizopigwa na upepo.

"Mutu akifunga macho, mawimbi yake inatulia, inakuwa makubwa, pole pole. Yako inakimbia tu."

"Basi andika hivyo, dogiteri."

Zénon hakuandika. Alivuta droo, akatoa karatasi nyingine tatu, akazilaza moja moja kando ya ile ya kwanza. Nyasi zilezile, upepo uleule.

"Hii ya nani?"

"Ya mi. Nilijaribia mashine siku ilifika. Hii ya mulinzi wa getini. Hii ya mama anayepika chai." Alishusha sauti. "Daktari mukubwa alisema, kama wote tuko hivi, basi hivi ndiyo kawaida. Nikiandika we ni mugonjwa, itabidi niandike muji muzima."

"Si uandike muji muzima!"

Zénon aliandika neno moja chini ya karatasi ya Tajudini: kawaida. Kisha akachukua muhuri, akaupulizia, akaugonga.

Deponi, Gaspard aliisoma karatasi akiwa amesimama.

"Alhamdulillahi! Si ndiyo munasema hivyo kule kwenu Buyenzi? Uko muzima, kijana. Musafara unatoka saa nane."

Akamrushia funguo. Zilikuwa za lori la Namegabe. Kioo kilikuwa kipya, kiti kimevishwa plastiki, matundu ya mlangoni yamezibwa na kupakwa rangi ya buluu isiyolingana na ile ya zamani.

"Piga honi tusikie!" Gaspard alipaza sauti. "Wametengeneza jana."

Tajudini alifungua boneti, akainama. Alipoinuka alikuwa na kipande cha waya, urefu wa kiganja. Alikikunja, akakitia mfukoni pamoja na karatasi yenye muhuri.

"We! Unafanya nini? Bila honi utaendeshaje kwenye zile kona?"

Tajudini alipanda, akawasha injini.

"Kawaida, patron."

Akatoka getini polepole, mkono wa kulia kwenye usukani, wa kushoto umeshika mlango uliokuwa wazi.